Dawa Mwili Inaikatala: Mazungumzo na Wamama wa Kliniki

  

Najua mmeondoka mapema, wengine mmetoka mbali na mtoto mgongoni, na mnataka kilo ipimwe upesi ili mrudi kutwanga na kupika bukari. Sitawachelewesha na maneno ya shuleni. Leo tusemezane juu ya jambo moja tu: dawa nzuri, inayoponya watu wengi, lakini ikiingia katika mwili wa mtu fulani inamtesa. Katika vitabu vya waganga inaitwa alerji. Hapa Kamina mama anakuja na kusema, “Mama munganga, hii dawa mwili yangu inaikatala.” Ni neno zuri, linaeleza jambo lenyewe vizuri kuliko kitabu. Nami nitalitumia.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Wanafunzi wangu wa uuguzi wanalijua, maana nawaambia kila mwaka, na ninyi pia mna haki ya kulijua.

Nilipokuwa muuguzi kijana nilipokea mtoto wa miaka miwili aliyekuwa na kikohozi. Alipewa amoksisilini ya maji, ile ya rangi ya pinki ambayo watoto wanaipenda kwa utamu wake. Siku ya tatu mama yake akarudi. Mtoto alikuwa amevimba vipele mwili mzima, anajikuna, analia, hataki kuvaa shati. Nikaangalia, nikasema, “Acha hiyo dawa.” Nikampa dawa ya kupunguza muwasho, na kidonge kingine kwa kikohozi. Kesho yake vipele vimekwisha. Mama akashukuru, mimi nikafurahi, nikachukua mgonjwa mwingine. Katika fishi ya mtoto sikuandika hata neno moja. Wala sikumwambia mama jina la ile dawa. Nilimwambia “hiyo dawa”, nikamwonyesha chupa kwa kidole.

Miezi kama minane ikapita. Mtoto akakohoa tena. Mama akanunua dawa kwa farmasi ndogo ya kandokando ya soko, vidonge vile vya ganda la rangi mbili. Akafungua ganda, akamwaga unga katika kijiko cha maji, akamnywesha. Kabla hajamaliza kuosha kijiko mtoto akaanza kukuna midomo. Midomo ikavimba, macho yakafungika, pumzi ikaanza kulia kama filimbi. Mjomba wake akawapakia kwa kinga, akapiga pedali mpaka kwetu. Mtoto alifika amelegea, miguu ya baridi. Tukampiga shindano ya adrenalini katika paja, kisha ya pili. Tulikaa naye usiku ule wote. Alipona, leo ni kijana.

Asubuhi nilimwuliza mama, kwa ukali kidogo, na sasa naona haya: “Sikukuambia uache ile dawa?” Akanijibu polepole, “Mama, uliniambia niache ile ya maji, ya pinki. Hii si ya maji. Hii ni kidonge.”

Alikuwa na haki. Ile ya ganda ilikuwa ampisilini. Ampisilini na amoksisilini ni watoto wa tumbo moja, lakini nani alimwambia?

Sasa sikilizeni jinsi inavyokuwa. Mwili una walinzi wake katika damu. Kazi yao ni kufukuza vijidudu. Mara nyingine walinzi hao wanakosea, wanamwona mgeni mwema wanafikiri ni mwizi. Mara ya kwanza wanamtazama tu na kushika sura yake. Akirudi mara ya pili au ya tano, wanapiga kelele, wanamwaga ndani ya ngozi kitu chenye kuwasha na kuvimbisha. Njo sababu mama anashangaa: “Lakini nimekunywa hii dawa mbele, haikunifanya kitu!” Ndiyo. Kunywa mara ya kwanza bila shida hakumaanishi kwamba mara nyingine itakuwa vile vile. Tena si uchafu wa damu, si mtu amekutupia jicho, si kwamba dawa imeoza. Dawa ni nzima, na jirani yako atapona nayo.

Vipele vya alerji vinajulikana. Vinainuka juu ya ngozi kama mahali palipoumwa na mbu au palipoguswa na upupu. Vingine ni kama punje ya mahindi, vingine vinaungana na kuwa mabaka mapana kama kiganja. Katika vitabu wameandika ni vyekundu, lakini vitabu hivyo viliandikwa na watu wa ngozi nyeupe. Katika ngozi yetu wekundu unajificha. Usiutafute. Pitisha vidole, utasikia ngozi imeinuka. Na alama kubwa ni hii: vinahama. Asubuhi viko tumboni, saa sita viko mgongoni, na pale tumboni ngozi imerudi laini kama hakukuwa na kitu. Kipele kimoja hakikai mahali pamoja siku nzima.

Surua haiko hivyo. Surua inakuja na homa kali, kikohozi, macho mekundu na mafua. Vipele vinaanza usoni na nyuma ya masikio, vinashuka, na vinakaa siku nyingi. Upele wa kuambukizana unakaa katikati ya vidole na unawasha usiku, na mara nyingi watu wa nyumba nzima wanajikuna. Tena kuna watoto ambao homa yenyewe inawatoa vipele, wakati wanakunywa dawa, na watu wanasingizia dawa. Kwa hiyo usijiamulie peke yako. Mlete tumwone vipele vikingali pale. Ukija vimekwisha, utueleze vizuri: vilitokea saa ngapi baada ya dawa, vilikuwa vya namna gani.

Ikiwa ni vipele tu, na mtoto anacheza, anapumua vizuri, ananyonya, usishikwe na woga. Acha ile dawa, usimpe hata tone lingine, na uje kliniki siku ile ile. Mwogeshe kwa maji ya baridi kidogo, mkate kucha, mvike nguo nyepesi. Usimpake petroli, usimpake dawa ya meno, wala majivu. Mawese hayadhuru lakini hayasaidii pia. Afadhali uyatie katika sombe. Kuna dawa ya kutuliza muwasho tutakupa. Usiinunue mwenyewe: prometazini, ile inayoleta usingizi, haifai hata kidogo kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, inaweza kumzuia kupumua. Na deksametazone inayouzwa kila pahali si ya kuchezea. Ninajua kuna wamama wanaimeza ili wanenepe mashavu. Hilo tutalisema siku ingine, tena kwa sauti kubwa.

Sasa hatari yenyewe. Mshike maneno haya hata kama mtasahau mengine yote.

Baada ya dawa, na zaidi baada ya shindano, mara nyingi katika dakika chache, lakini hata baada ya saa moja au mbili, ukiona midomo, ulimi au macho yanavimba; ukisikia sauti imekauka ghafula au pumzi inapiga filimbi; mtu akisema koo linafungika; akitapika tena na tena, tumbo likimkata; akitoka jasho la baridi, akizunguka kichwa, akianguka; mtoto akilegea kama kitambaa: hiyo si ya kungojea kesho. Wala si ya kutafuta kwanza pesa za fishi. Piga kelele, majirani waje.

Mlaze chali, weka kitita cha nguo chini ya miguu yake ili miguu iwe juu. Kama taabu yake ni pumzi, mwache akae namna anavyopumua vizuri. Akiwa na mimba kubwa, alale kwa ubavu wa kushoto. Akitapika, mgeuze upande. Usimsimamishe! Usimtembeze! Watu wengine wanamshika huku na huku, wanamwambia “tembea, hewa itaingia”. Damu inakimbia kichwani na moyo unasimama. Tafuteni gari au pikipiki. Kama hakuna, mfanye kipoyi, wanaume wanne wambebe akiwa amelala. Usimnyweshe kitu, si maziwa, si mafuta, si maji ya chumvi. Maziwa hayavunji nguvu ya dawa iliyokwisha kuingia katika damu.

Dawa yake ni moja, adrenalini, inapigwa katika nyama ya paja upande wa nje. Ni kidogo sana: kwa mtu mzima nusu mililita tu, na inaweza kurudiwa baada ya dakika tano hivi. Dawa za muwasho haziwezi kufanya kazi hiyo, ni za ngozi tu, na zinakwenda polepole. Na mtu akiamka vizuri, asikimbilie nyumbani. Hatari inaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Tukikuambia ulale hapa usiku moja, si kwa sababu tunataka pesa ya kitanda.

Sasa mnaelewa kwa nini nachukia shindano za nyumbani. Katika kila kartie kuna mtu anayejua kupiga shindano. Wengine walisoma kidogo, wengine walijifunza kwa kutazama. Mnampenda kwa sababu yuko karibu, anakubali deni, na mnaamini shindano ina nguvu kuliko kidonge. Mimi namwuliza jambo moja tu: katika mfuko wako kuna adrenalini? Kama hakuna, unapiga penisilini kwa ushujaa gani? Nilipokuwa bado shuleni nilimwona mama kijana aliyeletwa kutoka nyumba ya namna hiyo. Alipigwa shindano kwa ajili ya kidonda cha mguu. Alifika amekwisha kufa, na mtoto wake wa kunyonya alikuwa amebebwa na shangazi nyuma yake, analilia ziwa. Mama mkwe akasema pale mlangoni kwamba shindano za namna ile zilimvimbisha tangu alipokuwa msichana. Yeye alijua. Mpigaji hakuuliza.

Basi hata hapa kwetu, ukipigwa shindano usiondoke mara moja. Kaa nusu saa chini ya mwembe, tukuone. Na kabla muuguzi hajavuta dawa, hata kama ana haraka, hata kama ni mwanamume mwenye sauti kubwa, mwambie: “Baba, ngoja. Kuna dawa mwili yangu inaikatala.” Si kukosa heshima. Akikasirika, muitieni mimi.

Nimesema dawa zina ukoo. Kama vile Ilunga na Kabamba wanaweza kuwa na majina mbalimbali na babu mmoja, dawa nazo ni hivyo. Ukoo wa kwanza ni wa penisilini: penisilini ya shindano, ampisilini, amoksisilini, kloksasilini. Sikilizeni mwisho wa jina: silini, silini, silini. Mmoja akikukosea, wote wanakatazwa nyumbani kwako mpaka munganga aseme. Seftriaksoni, ile shindano inayopendwa sana siku hizi, ni kama shemeji ya ukoo huo. Wengi wanaipokea vizuri, lakini lazima muuguzi ajue mbele. Ukoo wa pili ni wa salfa: Bactrim na Fansidar. Ukoo wa tatu ni wa aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, dawa za maumivu, ambazo zinaweza kuvimbisha macho na kufunga pumzi, zaidi kwa mwenye pumu. Parasetamoli si mtu wa ukoo huo, na watu wengi wanaokatazwa aspirini wanaipokea vizuri. Lakini dawa yoyote inaweza kukataliwa na mtu mmoja, hata dawa ya miti ya kwa nyumba. Majani nayo ni dawa.

Kuna aina nyingine ya kukataa, haiji upesi. Inakuja baada ya siku nyingi, mara nyingi kati ya juma moja na majuma matatu, hata zaidi. Mtu anasikia homa, macho yanawaka, midomo na kinywa vinatoka vidonda, kisha ngozi inapata madoa meusi yenye kuuma, malengelenge, na inaanza kubanduka kama ya mtu aliyeungua na maji ya moto. Hii haihami kama ile ya kwanza, na inaua. Dawa zinazoileta zaidi ni za salfa, dawa fulani za kifafa kama fenobarbitali na karbamazepini, na nevirapini ya ukimwi. Kule Nairobi, katika mwaka 1991, waganga waliandika kwamba tiasetazoni, dawa ya kifua kikuu iliyotumiwa sana kwa kuwa ni ya bei ndogo, ilikuwa inabandua ngozi ya wagonjwa wenye virusi vya ukimwi mara nyingi kuliko wengine, na wengine walikufa. Baadaye shirika la afya la ulimwengu likakataza wagonjwa hao wasipewe tena. Ukiona alama hizo, acha dawa na uje siku ile ile, usiku au mchana. Lakini kama ni dawa ya kifua kikuu au ya ukimwi na una kipele kidogo tu, usiitupe na kukaa nyumbani kimya. Njoo nayo. Kuna nyingine za kubadilisha.

Naona wamama wenye mimba wananitazama, kwa sababu nimetaja Fansidar, na hapa tunawapa. Msiogope. Katika miaka ya 1980 Wamarekani waliokuwa wakisafiri walikuwa wakiimeza kila juma, miezi na miezi, ili wasishikwe na malaria. Wachache waliharibika ngozi vile nilivyosema, wengine walikufa, na mwaka 1985 wakubwa wao wa afya wakaonya watu waache kuitumia hivyo. Ninyi hamuimezi kila juma. Mnapewa vidonge 3 mara moja, mbele ya muuguzi, tangu mwezi wa nne wa mimba, na kati ya mara moja na nyingine unapita mwezi mzima au zaidi. Malaria ya mimba inaua mama na inamzaa mtoto mwepesi, na hatari hiyo ni kubwa zaidi. Lakini kama Bactrim au Fansidar ilikutoa vipele zamani, sema. Na kama unakunywa Bactrim kila siku kwa ajili ya virusi, sema pia, kwa sikio kama unaona haya. Wewe hupewi Fansidar juu yake.

Sasa yale ambayo si alerji, maana wengine wanakataa dawa nzuri bure. Kinini inaimba masikioni na kutapisha: si alerji, ni tabia yake. Nivaquine ya zamani, wakubwa mnaikumbuka, iliwasha viganja na mwili mzima bila vipele, watu wakajikuna usiku kucha. Iliwasha watu weusi wengi, nayo haikuwa ile alerji ya kuua. Mectizan inaweza kuwasha na kuvimbisha siku chache kwa sababu vijidudu vinakufa ndani ya ngozi. Amoksisilini inalainisha choo. Chanjo inaleta homa ya siku moja au mbili, na ile ya BCG inaacha kidonda kidogo begani, ni lazima. Msimwambie muuguzi “mtoto yangu ana alerji ya chanjo” kwa sababu ya homa. Mtaishia kumpoteza kwa surua.

Tena alerji ya mama si alerji ya mtoto. Mama mmoja alikataa mtoto wake asipewe amoksisilini kwa pneumonia, akisema, “Mimi inanikatala, naye ni damu yangu.” Hapana. Tuambie, tutaangalia vizuri, lakini mtoto atapewa.

Neno la kubeba dawa. Ukija na shida usituambie “ni kile kidonge cheupe”. Vidonge vyeupe viko mia. Leta karatasi, leta chupa, leta hata kidonge kimoja kilichobaki. Mwishoni mwa 2014 na katika mwaka 2015, kule Ituri, mamia ya watu walifika hospitalini shingo na uso vimekazana na kupinda. Kwanza waganga walifikiri ni homa ya uti wa mgongo. Kisha wakaona wagonjwa wamemeza vidonge vya manjano vilivyouzwa kwa jina la diazepamu. Walipovipima, ndani mlikuwa dawa nyingine kabisa, haloperidoli ya wagonjwa wa akili. Haikuwa alerji, ilikuwa udanganyifu, lakini kilichofungua siri kilikuwa ni vile vidonge vyenyewe.

Pia msijaribu nyumbani kuona kama mwili umesamehe. Ni kweli mwili unaweza kusamehe: katika nchi zenye vyombo vya kupima, kati ya watu 10 wanaosema penisilini inawakatala, karibu 9 wanaonekana wanaweza kuitumia. Lakini wanapimwa polepole, munganga amekaa kando na adrenalini mkononi. Nyumbani kwako kuna nani kando?

Basi fishi. Tangu usiku wa yule mtoto, mimi natembea na bik nyekundu. Kwenye jalada la fishi, juu, siyo ndani, naandika mambo matatu: jina la dawa, mwaka, na kitu ilichofanya. “Amoksisilini, vipele mwili mzima, siku ya tatu.” Kisha naandika chini yake “na ndugu zake wote”. Wanafunzi wanacheka, wanasema si lugha ya waganga. Waache wacheke. Mama asiyejua kusoma anajifunza jina kwa masikio: nalisema mara tatu, naye analirudia mara tatu, na baba wa mtoto pia kama yupo, na bibi, kwa sababu siku ya ugonjwa pengine mama atakuwa shambani. Fishi ikilowana na mvua au ikiliwa na panya, njooni tuandike nyingine. Hatutawagombeza.

Sasa, wakati wenzenu wanapima kilo, toeni fishi zenu. Kila mama aliye na dawa iliyomvimbisha yeye au mtoto wake, hata kama ni miaka mingi imepita, apange mstari hapa kwangu, upande wa dirisha. Wenye mapasa waanze.